Mnauliza Tunajibu: Huyu Binti Anaficha Nini Mgongoni?

Toleo lililopita tuliweka picha moja ya rangi ukurasa wa nyuma, binti wa shamba na fahali, maelezo mistari miwili basi. Nikadhani itapita kimyakimya kama zinavyopitaga picha za ukurasa wa nyuma. Wapi! Meseji zimemiminika mpaka nimeshindwa kuzijibu moja moja, kwahiyo nimeichukua kona nzima ya leo kwa ajili ya hiyo picha tu, na maswali yaliyofanana nimeyaunganisha. Kwa ambao hawakuiona: ni mchoro wa rangi ya mafuta wa Evelyn Dunbar, mchoraji wa Kiingereza, ameumaliza 1945. Mbele kuna binti na fahali, nyuma yao malisho na kibanda cha kukamulia, na juu mbingu imejaa vijiwingu vidogo vidogo vya alfajiri kama magamba ya samaki. Twende.

Shikamoo dada. Hiyo picha nimeikuza kwenye simu mara kumi. Fahali anaangalia ndoo, sawa, lakini binti ameficha mkono nyuma. Ameshika nini? Mdogo wangu anasema fimbo, mimi nasema kamba, tumebishana mpaka chai imepoa.

Marahaba. Mmekosa wote wawili ila wewe umekaribia. Ni mnyororo.

Mchezo wenyewe uko hivi, na Dunbar mwenyewe aliueleza alipoikabidhi picha. Asubuhi na mapema, mwanzo wa kiangazi, huyo binti kazi yake ya kwanza ni kumkamata fahali na kumfunga, ndo wenzake wakamue kwa amani. Sasa fahali hakamatwi kwa kukimbizwa. Anashawishiwa kwa ndoo ya chakula, anasogea taratibu, kichwa kinashuka kwenye ndoo, na hapo hapo ule mkono wa nyuma unatoka na mnyororo unanasa kwenye pete iliyoko puani. Akiwahi kuuona mnyororo kazi imeharibika. Mchoraji amechagua ile sekunde ya katikati, fahali ameshatamani lakini hajafika bado, na binti inabidi asimame kama vile hana haraka ya kitu chochote duniani. Mimi nikiitazama bega linaniuma kwa niaba yake.

Na hicho kibanda cha nyuma msikipite hivihivi, manake jina la picha kwa Kiingereza, "A Land Girl and the Bail Bull", limetoka hapo: "bail" ni hicho kibanda, na huyo ni fahali wa kibandani. Ni kibanda cha kukamulia kinachohamishika. Miaka ya 1920 mkulima mmoja wa Wiltshire, A. J. Hosier, alichoka na habari ya kuswaga ng'ombe mpaka bandani kila siku asubuhi na jioni, akaamua banda ndo liwafuate ng'ombe malishoni. Unalivuta mpaka walipo, wanaingia, wanakamuliwa, wanatoka upande wa pili kuendelea kula, kesho yake unalisogeza mbele kidogo na mbolea inabaki palepale inapotakiwa. Kwenye vile vilima vya chokaa vya Hampshire, anapotuonyesha Dunbar, ilikuwa njia rahisi ya kupata maziwa bila kujenga banda kubwa. Tatizo ni kwamba hakuna zizi wala ukuta, fahali yuko huru na kundi lake uwanjani, ndo maana lazima mtu aende kumfuata na ndoo.

Mimi ni mfugaji miaka mingi. Kwa heshima zote, huyo mchoraji hajawahi kushika ng'ombe. Fahali hafuatwi na mtu mmoja, tena uwanja wazi, tena mikono yote ina kazi. Atakufa mtu hapo.

Kaka mfugaji, hapo tuko pamoja, na mchoraji pia yuko upande wako, alisema wazi kwamba ni kazi ya hatari na inataka mkono mwepesi. Ile pete unaijua kazi yake kuliko mimi: pua ndo sehemu laini, ukishaishika pale mnyama wa uzito ule anafuata. Lakini kabla hujaishika huna kitu, una ndoo tu na moyo wako. Hiyo hofu yako uliyoipata kwa kuangalia ndo picha yenyewe!

Ila hilo la kwamba hajawahi kusogelea ng'ombe nakataa. Huyu mama alikuwa mtu wa bustani toka utotoni kule Kent, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alishatoa kitabu cha mambo ya bustani na mwenzake Charles Mahoney, na akaolewa na mchumi wa kilimo, Roger Folley, 1942, wakati huo Folley yuko jeshi la anga. Vita vilipoanza kukolea akapelekwa kwenye chuo cha kilimo cha Sparsholt, karibu na Winchester, akawa anashinda na wanafunzi huku anachora. Hakuwa mtu wa kupita na gari akachora ng'ombe dirishani.

Mmeandika "picha ya wakati wa vita". Vita viko wapi hapo? Sioni bunduki, sioni moshi, naona ng'ombe.

Viko kwenye nguo alizovaa. Yule si mtoto wa mwenye shamba anayemsaidia baba, ni mtu wa Jeshi la Ardhi la Wanawake, yaani wanawake waliopelekwa kufanya kazi za mashamba wakati wa vita, na wale walikuwa na yunifomu kabisa: suruali ya kodrai ya kahawia inayobana magotini, soksi ndefu, sweta la kijani, kofia pana ya kahawia. Enzi zile mwanamke kutembea kijijini na suruali lilikuwa jambo la watu kugeuza shingo.

Sababu yake ni tumbo. Kabla ya vita Uingereza ilikuwa inaagiza zaidi ya nusu ya chakula chake nje, kwa meli, afu nyambizi za Wajerumani zikaanza kuzizamisha hizo meli. Januari 1940 siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya kukausha vikawekewa mgao. Serikali ikawa inawalipa wakulima pauni 2 kwa kila ekari ya malisho watakayoilima, yaani kila pembe ilimwe, lakini vijana waliokuwa wanalima wameenda jeshini au wamekimbilia viwandani kwenye hela zaidi. Nani alime sasa? Jeshi la Ardhi lilishawahi kuwepo vita vya kwanza, 1917, wakalifufua Juni 1939, miezi mitatu kabla ya vita kutangazwa, chini ya Lady Denman ambaye aliigeuza nyumba yake ya Balcombe Place, huko Sussex, ikawa makao makuu. Mwanzoni walikuwa wa kujitolea, lakini Desemba 1941 ikapita sheria ya kuwaandikisha wanawake kwa lazima kwenye kazi za vita, mtu anaweza kuchagua kiwanda, jeshi au shamba. Walipofika kilele walikuwa zaidi ya 80,000.

Kwahiyo ndugu yangu bunduki huioni, lakini fikiria yule binti miaka michache nyuma pengine alikuwa anauza duka la nguo au anasuka watu nywele. Kama theluthi hivi ya hao mabinti walitoka London na miji mingine mikubwa. Ng'ombe waliyemjua ni wa kwenye chupa ya maziwa.

Nimesikia kuna picha yake nyingine wanafundishwa kukamua ng'ombe wa bandia. Mnatupiga fiksi?

Hapana, ipo, ya 1940, na kati ya zote ndo ninayoipenda kupita hata ya fahali. Imechorwa hukohuko Sparsholt. Ng'ombe hayupo, kuna fremu, na kwenye fremu umening'inia mfuko wenye chuchu, ndo kiwele chenyewe hicho, ndoo iko chini, na binti amekaa kwenye kigoda ameinama anakamua hewa. Ni kichekesho, na mchoraji analijua hilo, lakini hamcheki yule binti. Amemchora kwa uzito uleule ambao wachoraji wengine wanaupeleka kwa rubani kwenye ndege yake.

Na ina akili yake. Anayeanza kukamua anavuta, na chuchu haivutwi, unabana juu kwa kidole gumba na cha shahada ili maziwa yasirudi, ndo vidole vingine vinafuata kimoja baada ya kingine kuyasukuma chini. Ukijifunzia kwa ng'ombe wa kweli, ng'ombe anaumia, anakupiga teke na ndoo inamwagika. Misuli ya mkono nayo siku za mwanzo inawaka moto. Bora ujifunzie kwa mfuko, mfuko haupigi teke. Mafunzo yalikuwa ya wiki chache tu na wengi hata hizo hawakuzipata, walitumwa shambani moja kwa moja wakajifunzie hukohuko, na karibu robo yao waliishia kwenye kazi za maziwa.

Hapo Sparsholt pia alikutana na mkufunzi, Michael Greenhill, wakatengeneza kitabu kidogo cha kazi za shamba kwa ajili ya hao wageni, kikatoka 1942. Mkufunzi kaandika, Dunbar kachora, na michoro inakuonyesha njia sahihi ya kufanya kazi na ile ya kukosea. Nadhani ukishachora vitu vya namna hiyo ukurasa baada ya ukurasa, jicho lako halirudi tena lilivyokuwa. Angalia picha zake zote baada ya hapo, macho yake yako kwenye mikono na migongo, nani ameinama vipi, nani ameshika chombo vibaya. Kuna ya mabinti wanachuma kabichi zile ndogo ndogo za Brussels huko Monmouthshire, ya 1943, kipicha kidogo tu, lakini ile namna walivyojikunja kwenye baridi wewe mwenyewe unajipapasa kiuno. Kuna ya kuchambua viazi Berwick mwaka huohuo. Na kuna ya 1944, mabinti wanapogoa miti ya matunda East Malling huko Kent, ambayo pembeni kuzunguka picha kachora zana zenyewe za kupogolea, kama fremu, yaani hata kama hujawahi kuona mti ukipogolewa unatoka hapo una wazo.

Walilipwa au ilikuwa sifa tu na kofia?

Walilipwa, na mkulima ndo aliyekuwa analipa, siyo serikali. Mwanzoni ilikuwa shilingi 28 kwa wiki ya saa 48, na kwa wanaoishi palepale shambani nusu yake inakatwa ya chakula na malazi. Pauni moja wakati ule ilikuwa shilingi 20, kwahiyo piga mwenyewe. Mwanaume wa shamba alikuwa anapata kama shilingi 38. Mshahara ulikuja kupanda kadiri vita vilivyoendelea, lakini pengo halikuzibwa.

Lililouma zaidi lilikuja mwishoni. Serikali ilipopanga kiinua mgongo na mafao ya waliotumikia vita, Jeshi la Ardhi halikuwemo. Lady Denman akajiuzulu Februari 1945 kwa sababu hiyo. Hebu ona mwaka: 1945, mwaka uleule wa picha ya fahali. Mabinti waliendelea kulima mpaka jeshi lilipovunjwa 1950, manake vita kuisha hakukujaza ghala, mgao wa chakula wenyewe ulikuja kufutwa kabisa 1954. Beji ya kuwatambua rasmi serikali iliwapa 2008. Fanya hesabu, aliyeingia na miaka 18 mwaka 1940 alikuwa na miaka 86.

Mimi naona hizi ni propaganda tu. Serikali inamlipa mchoraji, mchoraji anachora wanawake wanafurahia kulima. Tusidanganyane.

Swali zuri na sitalikwepa. Ndiyo, serikali ililipa. Kulikuwa na kamati ya wasanii wa vita, mwenyekiti Kenneth Clark aliyekuwa mkurugenzi wa National Gallery, jumba kubwa la sanaa la London, na mwenyewe hakuficha kwamba moja ya nia zake ilikuwa kuwaokoa wasanii wasiende kufia vitani. Ile kamati ilikusanya kazi karibu 6,000. Dunbar alichukuliwa Aprili 1940 kuchora kazi za wanawake, na ndo mwanamke pekee aliyepewa ajira ya mshahara na kamati, wanawake wengine walilipwa kwa kazi moja moja.

Lakini propaganda ina sura yake. Laura Knight, mchoraji mkubwa na maarufu kuliko Dunbar enzi hizo, alipewa kazi ya bango la kuwavuta wanawake waingie Jeshi la Ardhi, akaenda akakodi farasi wawili wakubwa wa kulimia na plau, akachora. Wakamrudishia! Eti farasi wameonekana kuliko mwanamke. Akachora lingine. Hilo ni bango, lina kazi ya kumvuta mtu, lazima binti ang'ae. Na huyohuyo Knight 1943 alichora fundi wa kiwandani, Ruby Loftus, kwenye mashine ya kuchonga sehemu ya mzinga, picha nzito sana, nami naipenda, lakini pale Ruby ni shujaa, taa zote zake.

Sasa rudi kwa Dunbar unitafutie anayefurahia. Hawatabasamu. Wameinama, wengine wamekupa mgongo, sura huioni vizuri. Mabinti wanajifunza, wanakosea, wanapigwa baridi. Ningekuwa bosi wa kuandikisha watu nisingeitumia picha ya kuchuma kabichi, watu wangekimbia. Kwahiyo nakupa nusu: pesa ilikuwa ya serikali na jambo la kuchora lilichaguliwa na serikali, ila jicho lilibaki lake. Na kitu kimoja nakuongezea upande wako, hutaona kwenye picha zake wakulima waliokuwa wanawadharau hao mabinti, na walikuwepo wengi tu mwanzoni, waliosema mtoto wa mjini atamaliza wiki ngapi. Hilo hakulichora.

Mbona huyu mama hatumsikii popote? Picasso kila mtu anamjua.

Picasso tumuache apumzike. Kwa Dunbar, baada ya vita alirudi Kent, akachora, akafundisha, hakuwa mtu wa kujitangaza, afu akafariki ghafla Mei 1960, matembezini msituni karibu na kwake, ana miaka 53. Dunia ya sanaa wakati huo ilikuwa kwenye michoro isiyo na umbo la kitu, nani ana habari na binti na ndoo? Picha za vita zilishagawanywa kwenye majumba ya makumbusho, nyingi zikakaa stoo, na zile zake binafsi zikabaki kwa ndugu. Mwaka 2013 picha yake moja ikaonyeshwa kwenye kipindi cha televisheni Uingereza, kile cha kuthaminisha vitu vya kale, na ndugu mmoja wa familia akakumbuka kwamba kuna mizigo ya michoro darini kwake. Kwenda kuangalia, zaidi ya 500! Zikafanyiwa maonyesho Pallant House, mji wa Chichester, kuanzia Oktoba 2015. Nikisoma habari hiyo huwa nasimama nakwenda kuangalia juu ya kabati langu, sijui nategemea kukuta nini.

Naweza kuiona wapi hiyo ya fahali kwa macho?

Iko Tate, makumbusho ya sanaa ya London, walipewa na ile kamati 1946. Ya viwele vya bandia iko Imperial War Museum, hapohapo London. Ya East Malling, ya kabichi na ya viazi ziko Manchester Art Gallery. Ila kuwa mali ya makumbusho si lazima iwe imetundikwa ukutani, waulize kabla hujapanda treni. Kwenye simu zinapatikana tovuti za makumbusho hayohayo bila malipo, na ukitaka ushauri wangu, ile ya fahali usiikuze kwanza. Itazame nzima. Mbingu imechukua sehemu kubwa kuliko ulivyofikiria, na watu wa nyuma kibandani ni vidoti tu.

Dada samahani, swali la kitoto. Fahali alifungwa au hakufungwa?

La kitoto kwanini, limeulizwa na watu wanne. Dunbar alisema ni picha ya kubuni, hakuketi pale na turubai lake mbele ya fahali aliyekasirika, kwahiyo hakuna aliyepigwa pembe na mfugaji wetu alale salama. Lakini chukua kitu kimoja: hao walioko kibandani nyuma hawajageuka kumwangalia mwenzao. Kila mtu yuko na kazi yake. Kwao hii ni asubuhi kama ya jana.